Fataki: Kutoka Waiyaki Way hadi Kimathi Street

Ukimwuliza mtu wa Nairobi leo fataki ni nini, atakuonyesha angani. Ni zile rangi za usiku wa Diwali kule Parklands na Westlands, au za saa sita usiku mwaka mpya ukiingia, mbwa wote wa mtaa wakijificha chini ya vitanda. Mtanzania atacheka kidogo, kwa sababu kwake Fataki ni mzee mwenye pesa anayewinda wasichana wa shule, jina lililovuma kwenye kampeni ya redio. Na wale wetu waliokulia mitaani watakumbuka bastola ya plastiki ya Krismasi, na vile vidoti vyake vinavyolia pap! na kuacha harufu ya kiberiti kwenye vidole.

Fungua kamusi za zamani za Kiswahili na utakuta maana nyingine. Fataki ni kikofia kidogo cha shaba, kadiri ya punje ya hindi, kinachovishwa bunduki ili iwake. Hiyo ndiyo fataki ninayotaka tuiongelee. Nimekuwa nikiifuatilia kwa muda sasa, na nina dai moja tu: tukihesabu nani alitawala nani hapa kwetu, tunaangalia sana mtutu na tunasahau kile kikofia. Chuma, mhunzi wetu alikiweza. Fataki hakuiweza, na waliotutawala walilijua hilo mapema sana.

Tuanze na jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Kabla ya fataki kulikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi unaofuka moshi, halafu ikaja bunduki ya gumegume, ambayo jiwe lake hugonga chuma na kutoa cheche. Zote mbili zilikuwa na ugonjwa mmoja: moto ulianzia nje, hewani, mahali ambapo mvua na upepo hufika. Ukitaka kupiga bunduki kwenye masika ya Mombasa, Mungu akusaidie. Hata pasipo mvua, cheche zilionekana kabla risasi haijatoka. Kasisi mmoja wa Uskoti, Alexander John Forsyth, alikuwa mwindaji wa ndege, na ndege walikuwa wakiona ule mwako na kuruka kabla hajawapata. Akatafuta dawa. Mwaka 1807 alipata hataza ya mtambo unaowasha baruti kwa kugonga kemikali inayolipuka ikipigwa. Katika miaka ya 1820 wazo hilo likawa kikofia cha shaba chenye chembe ya kemikali ndani. Unakivisha juu ya kichuma chenye tundu, ambacho wazee walikiita kifa, nyundo inashuka, kemikali inalipuka, na moto unapita kwenye tundu hadi kwenye baruti. Sasa bunduki inawaka hata mvua ikinyesha.

Halafu akaja Samuel Colt, Mmarekani, na hataza yake ya mwaka 1836. Bastola yake ilikuwa na silinda inayozunguka, yenye vyumba vitano au sita, na kila chumba kina baruti yake, risasi yake na fataki yake. Ukivuta nyundo nyuma, silinda inazunguka na kuleta chumba kipya. Sasa mtu mmoja aliweza kubeba vifo sita mkononi bila kusimama kushindilia.

Lakini bastola hiyo ilikuwa na kisirani chake, na karibu kisirani chote kilitoka kwa fataki. Ile shaba nyembamba ikilipuka hupasuka vipande. Kipande kikidondoka mbele ya nyundo, au kikiingia ndani ya mtambo, silinda inakwama. Fataki kubwa kuliko kifa huanguka yenyewe ukitembea. Fataki ndogo haiketi vizuri, kwa hivyo pigo la kwanza la nyundo linaisukuma tu mahali pake na hakuna mlio. Mafuta ya kusafishia yakibaki kwenye tundu, moto haupiti. Kibaya kuliko vyote, moto wa chumba kimoja ukiruka kwenye chumba jirani, risasi mbili au tatu zinatoka kwa pamoja, na mojawapo haina mtutu wa kuiongoza.

Kwa hivyo waliobeba bastola hizi walijifunza nidhamu. Kabla ya kujaza, walivisha fataki kwenye vyumba vitupu na kuzilipua ili kukausha mafuta kwenye vifa. Walichagua fataki inayoshika kifa barabara, wala hawakuibana kwa vidole ili ishike. Waliisukuma mahali pake kwa kijiti, si kwa nyundo. Walipaka mafuta mazito juu ya kila risasi ili moto usirukie jirani. Wakati wa kuvuta nyundo waliinua mtutu juu, ili vipande vya shaba vianguke nje badala ya kuingia ndani. Na wengi waliacha chumba kimoja bila kitu chini ya nyundo, bastola isije ikajipiga yenyewe safarini. Ukiona filamu ambayo jamaa anainua bastola juu baada ya kila risasi kama anayepunga mkono, si mbwembwe tupu. Ishara ile ina asili yake: mtu akimwaga takataka za fataki.

Ukipuuza haya, unalipa. Usiku wa tarehe 19 Aprili 1855, kambi ya Waingereza wanne ilivamiwa pwani ya Berbera, upande wa Wasomali. Miongoni mwao walikuwa Richard Burton na John Hanning Speke, wale wale ambao miaka miwili baadaye wangetoka pwani yetu ya Zanzibar kwenda kutafuta maziwa makuu. Speke alitoka hemani na bastola ya silinda. Alipomfikia mtu wa karibu kabisa na kumwelekezea kifuani, bastola ikagoma. Alipigwa rungu, akakamatwa, akachomwa majeraha 11 kabla ya kuponyoka. Mwenzao Herne alimaliza risasi zake, akarudi gizani kutafuta pembe ya baruti, kwa sababu bastola ya aina hiyo ikiisha, kuijaza upya ni kazi ya dakika kadhaa. Burton alipigana kwa upanga na kutoka na mkuki uliopenya mashavu yote mawili. Mwenzao wa nne, Stroyan, aliuawa. Silaha mpya kuliko zote duniani wakati huo, na usiku ule upanga na mkuki ndivyo havikugoma.

Sasa turudi kwetu. Kuanzia katikati ya karne ya 19 majeshi ya Ulaya yalianza kubadilisha bunduki zao. Uingereza, kwa mfano, ilichukua bunduki zake za fataki aina ya Enfield, ikakata sehemu ya nyuma ya mtutu na kuweka kifuniko cha kupokea risasi iliyokamilika. Bunduki hiyo mpya, iliyoanza kutumika mwaka 1866, iliitwa Snider. Zile za zamani zilizobaki zilitafutiwa soko. Soko lenyewe lilikuwa sisi. Mitumba haikuanza Gikomba.

Magobori yalimiminika Zanzibar, yakatoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa na misafara hadi bara. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kule Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Tippu Tip mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake alichosimulia kwa Kiswahili, anasema jina lake lilitokana na mlio wa bunduki zake: tip, tip. Misafara ilifyatua baruti ikiondoka, ikafyatua ikifika, ili mji ujue kwamba watu wazito wameingia.

Bunduki hiyo ilikuwa ya ajabu kidogo kama mali. Kitako kikivunjika, seremala anachonga kingine. Springi ikilegea, mhunzi anafua nyingine. Mdeki wa kushindilia ukipotea, unakata fimbo. Risasi zenyewe zinayeyushwa jikoni, na zikikosekana watu walitumia hata vipande vya chuma. Lakini fataki inahitaji shaba iliyobanwa nyembamba kama karatasi na kemikali ambayo ikikosewa kidogo tu inaondoka na vidole vya fundi. Hiyo ilitoka kiwandani Ulaya, ndani ya vikopo, na ikiisha imeisha. Mtu angeweza kurithi bunduki ya babu yake na bado akawa na fimbo tu mkononi. Ni kama kuwa na simu ya bei na mtu mwingine ndiye anayeshika chaja.

Wakubwa waliliona hilo. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia saini mkataba huko Brussels. Sifa yake kubwa ni kupiga vita biashara ya watumwa, na ni kweli iliwekwa humo. Lakini ndani yake kuna vifungu kuhusu silaha, vilivyohusu ukanda mkubwa wa Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Silaha za kisasa zilipigwa marufuku kuuzwa kwa Waafrika. Kilichoweza kuruhusiwa ni bunduki ya gumegume isiyo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Soma tena. Mstari haukuchorwa kati ya bunduki na mkuki. Ulichorwa kati ya jiwe na fataki. Mwafrika angeweza kuwa na bunduki, mradi iwe ile isiyowaka mvua ikinyesha.

Miezi mitatu baadaye, Oktoba 1890, Frederick Lugard alifika Dagoretti na msafara wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Watu wake walibeba Snider, na walikuwa na bunduki moja ya Maxim iliyochakaa, aliyowahi kuitumia Stanley. Dagoretti hiyo ni ile ile ambayo leo mathree inakushusha jioni ukitoka tao. Lugard alikula kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga, akajenga boma, akamwacha George Wilson na kuendelea na safari ya Uganda. Udugu haukudumu. Watu wa boma walikuwa wakijitwalia vyakula na mifugo ya wenyeji, na wenyeji wakajibu. Mwaka 1891 Wilson aliondoka, risasi zikiwa zimekaribia kwisha, na boma likachomwa.

Hapo ndipo ninapoiona fataki waziwazi. Snider ilikuwa bunduki ile ile ya zamani, na nyundo ile ile, ila fataki ilikuwa imehamia ndani ya kitako cha risasi. Ilikuwa imefunikwa, kavu, haidondoki, haikwamishi. Matatizo yote ya Berbera yalikuwa yamefungiwa ndani ya ganda moja. Lakini tatizo moja halikufungika: risasi inatoka mbali. Waliomzunguka Wilson walikuwa na mikuki, panga na mishale ya sumu, vitu vilivyotengenezwa hapo hapo. Wao walikuwa kwao na silaha zao zilikuwa kwao. Mgeni ndiye aliyekuwa akihesabu zilizobaki.

Kampuni ikarudi na kujenga ngome nyingine Kabete, Fort Smith, jina ambalo hadi leo lipo kwenye barabara ya huko. Mara hii risasi zilihakikishwa. Agosti 1892 Waiyaki aligombana na msimamizi wa ngome, Purkiss, akajeruhiwa kichwani katika vurugu hizo, akafungwa minyororo na kupelekwa njia ya pwani. Hakufika. Alifariki Kibwezi Septemba mwaka huo. Leo jina lake ni foleni. Tunalitamka kila asubuhi tukilalamika kwamba Waiyaki Way imesimama kuanzia Kangemi, na juu ya vichwa vyetu Expressway inapita kwa wenye pesa ya kulipia.

Kusini kwetu, mwaka 1905, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu wa Matumbi na majirani zao maji ya kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Shuleni tulicheka. Mimi siku hizi sicheki. Watu wale waliyajua magobori, na wengine wao waliyabeba. Mtu aliyeishi na gobori anajua kwa macho yake kwamba maji yanaishinda bunduki: baruti ikilowa, fataki ikiingia unyevu, mwenye bunduki ni mwenye rungu. Sidai kwamba dawa ya maji ilikuwa somo la fizikia, ilikuwa imani na ilikuwa umoja. Ninachosema ni kwamba wazo lenyewe halikuota hewani. Lilikuwa kweli ya bunduki ya jana. Huko Mahenge walikutana na bunduki za rashasha, na risasi zilizozibwa ndani ya shaba hazijali maji.

Sasa twende tao. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau walikuwa na bunduki chache mno. Mafundi wakaingia kazini, wengine wao hapa hapa Nairobi. Bomba la maji likawa mtutu, komeo la mlango likawa nyundo, mpira wa tyubu ya baiskeli ukawa springi, na mbao ikawa kitako. Ukitaka kujua jua kali ilianza lini, usianze na karai na jiko. Lakini bunduki hizo zote zilikula risasi halisi ya kiwandani. Fundi aliyeweza kugeuza komeo kuwa silaha bado hakuweza kutengeneza fataki. Ndiyo maana risasi moja moja ilikuwa dhahabu. Wanawake wa jiji walizikusanya na kuzipitisha kwenye vizuizi, ndani ya nguo na vikapu vya chakula, hadi msituni.

Na serikali ikafanya kile kilichofanywa Brussels: ikachora mstari pale pale. Chini ya kanuni za hali ya hatari, kupatikana na silaha au risasi bila kibali kulikuwa kosa la kunyongwa. Watu 1,090 walinyongwa kwa makosa ya Mau Mau, na wengi wao hawakuhukumiwa kwa kuua mtu yeyote. Mkubwa wao, Dedan Kimathi, alikamatwa Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akiwa amepigwa risasi mguuni. Unaweza kudhani alishtakiwa kwa vita vyote vile. Hapana. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola ya silinda na risasi zake. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na miaka 50 kamili baadaye sanamu yake ikazinduliwa kwenye mtaa wenye jina lake. Fundi alimpa bunduki mkono mmoja na jambia mkono mwingine. Bastola haipo. Ile iliyomwua haikuwekwa.

Nchi huru nayo ilielewa somo. Kenya ilianza na kiwanda cha risasi, kule Eldoret, miaka ya 1990. Kiwanda cha bunduki, kule Ruiru, kilifunguliwa 2021. Angalia mpangilio: fataki kwanza, mtutu baadaye. Mkoloni angekubali kwa kichwa.

Swali ni nani sasa anasimama upande gani wa fataki. Tarehe 25 Juni 2024 vijana wa rika langu na lako waliandamana hadi Bunge, na wengine hawakurudi nyumbani. Siku zile picha za maganda ya risasi zilizunguka kwenye simu zetu, ganda juu ya kiganja cha mtu, shaba iking'aa. Wengi tuliangalia ganda. Mimi niliangalia kitako chake. Katikati kuna kiduara kidogo, na katikati ya kiduara kuna kidimbwi, mahali pini ya bunduki ilipogonga. Kiduara hicho ndicho fataki. Ni kile kile kikofia cha Berbera na cha Snider za Dagoretti.

Tofauti ni moja, na ni kubwa. Fataki ya zamani ilipasuka vipande ikapotea mchangani, na mwenye bastola alishukuru ikidondoka mbali. Ya leo haipasuki. Inabaki kwenye ganda, na pini ya kila bunduki huacha juu yake alama yake, ambayo mtaalamu akiiweka chini ya hadubini anaweza kuilinganisha na bunduki iliyoipiga. Bunduki za serikali zina nambari, na nambari huandikwa mtu aliyekabidhiwa. Kwa hivyo kile kikofia ambacho kwa zaidi ya miaka mia moja kilikuwa mali ya anayepiga, sasa kinaweza kuwa shahidi wa aliyepigwa, ikiwa kitaokotwa na mtu anayejua anachookota, kikaandikwa mahali na saa kilipopatikana, na kikafika mbele ya hakimu kabla hakijapotea kwenye droo ya mtu.

Hiyo "ikiwa" ndiyo kazi iliyobaki, na haihitaji kiwanda.